Rehani, Hamonaiza na Glavu: Imogen Heap Alivyoijenga Kazi Yake

Anayeusikia wimbo "Hide and Seek" kwa mara ya kwanza hujiuliza kwaya hiyo ina watu wangapi. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna gitaa. Kuna sauti za watu tu, zimepandana tabaka kwa tabaka, zikiacha vipande vya kimya katikati. Jibu ni mtu mmoja: Imogen Heap, Mwingereza aliyeutunga, akauimba na kuutayarisha mwenyewe, kisha akautoa mwaka 2005 chini ya lebo yake.

Wimbo huo ulianzia kwenye hitilafu. Kompyuta ya studio ilimfia katikati ya kazi, na Heap hakutaka kwenda kulala mikono mitupu. Akachomeka maikrofoni na kinanda kwenye hamonaiza ya kampuni ya DigiTech, akaunganisha na kirekodi cha minidiski chenye njia nne tu, akaanza kuimba maneno yaliyomjia papo hapo huku vidole vikitafuta noti. Uti wa mgongo wa wimbo ulipatikana katika kikao hicho.

Mashabiki wengi husema alitumia vokoda, lakini mitambo hiyo miwili hufanya kazi tofauti. Vokoda huchukua mlio wa sinthesaiza na kuupa umbo la maneno ya mwimbaji, kwa hiyo asili ya sauti unayoisikia ni mtambo. Hamonaiza huanza na koo. Inaisikiliza sauti inayoingia, inatoa nakala zake, kisha inazipandisha au kuzishusha hadi zilingane na noti zilizobonyezwa kwenye kinanda. Ukibonyeza noti nne, unapata waimbaji wanne waliotoka kwenye pumzi moja. Ukinyamaza, kinanda hakitoi chochote hata ukikibonyeza kwa nguvu zote.

Hapo ndipo siri ya wimbo ilipo. Kwaya ya kawaida ikiimba neno linaloishia na "s", kila mwimbaji huifikia herufi hiyo kwa wakati wake, na walimu wa kwaya hupoteza jioni nzima wakilirekebisha hilo. Hata mtu mmoja akijirekodi mara nne, hatalingana na nafsi yake kikamilifu. Kwa hamonaiza, nakala zote zinafunga na kufungua mdomo kwa pamoja, zinavuta pumzi kwa pamoja, zinakatika kwa pamoja. Sikio linasikia umati, lakini linasikia pia kwamba umati huo hauna tofauti yoyote ndani yake. Nakala zilizosogezwa mbali na noti ya asili nazo hupata ukwaruzo kidogo, kama wa bati. Heap hakuuficha ukwaruzo huo kwa ala nyingine. Aliuacha peke yake kwenye mwangwi, na maneno ya wimbo kuhusu nyumba iliyosambaratika yakapata sauti inayofanana nayo.

Ujasiri wa kuacha wimbo mtupu namna hiyo haukuja siku moja. Heap alizaliwa mwaka 1977 huko Havering, pembezoni mwa London mashariki, akafundishwa piano ya kiklasiki, na akiwa shule ya bweni akajifundisha kurekodi kwa kompyuta ya Atari. Alipitia BRIT School ya Croydon, na kabla hajafika miaka ishirini na mitano alikuwa ameshaonja mambo mawili ambayo wasanii wengi huyapata baada ya kuzeeka: mkataba wa lebo kubwa, na lebo hiyo kuporomoka. Almo Sounds, iliyoanzishwa na Herb Alpert na Jerry Moss, ilitoa albamu yake ya kwanza, "iMegaphone", mwaka 1998. Haikupita muda lebo ikauzwa, na msanii akabaki hana pa kushika.

Jaribio la pili lilikuwa Frou Frou, kundi la watu wawili alilounda na Guy Sigsworth, mtayarishaji aliyewahi kufanya kazi na Björk na Madonna. Albamu yao ya pekee, "Details", ilitoka mwaka 2002, na mauzo yakawa ya kawaida. Miaka miwili baadaye filamu "Garden State" ya Zach Braff ikauchukua wimbo wao "Let Go", na albamu ya nyimbo za filamu hiyo ikatwaa Grammy. Wakati dunia inauliza Frou Frou ni nani, kundi lilikuwa limeshasimama.

Uamuzi uliofuata ndio unaostahili kuchambuliwa kwa makini kuliko mtambo wowote. Badala ya kutafuta lebo ya tatu, Heap aliiweka rehani nyumba yake upya, akakodi studio na kununua vifaa. Kisha akajibana: mwaka mmoja kabla, huku nyimbo zenyewe hazijaandikwa, aliweka miadi ya albamu kufanyiwa masta, yaani usawazishaji wa mwisho wa sauti, Desemba 2004. Kwa mtu anayetunga, kuimba na kutayarisha peke yake, adui mkubwa ni kutomaliza, kwa sababu hakuna bosi wa kumwambia imetosha. Tarehe ya masta ilishika nafasi ya huyo bosi.

Albamu, "Speak for Yourself", ilitoka Uingereza mwaka 2005 chini ya Megaphonic, lebo yake mwenyewe. Marekani aliipa RCA Victor leseni ya kuiuza. Ujanja wa kibiashara uko hapo: kampuni kubwa ilipata kazi iliyokwisha kamilika, ikaipeleka sokoni kwa nguvu zake, bila kupata nafasi ya kuamua ngoma iwekwe wapi.

Bahati nayo ilisaidia, na ingekuwa uongo kuificha. Mei 2005, kabla albamu haijatoka, "Hide and Seek" ilisikika katika kipindi cha kufunga msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni ya "The O.C.", bunduki ikilia. Mwaka 2007 wachekeshaji wa "Saturday Night Live" wakaligeuza tukio hilo kuwa kichekesho, wimbo ukapata maisha mapya. Kisha mwaka 2009 Jason Derulo na mtayarishaji J.R. Rotem wakachukua kipande chake na kukifanya kiitikio cha "Whatcha Say", wimbo uliofika nambari moja Marekani. Anayetumia kipande cha rekodi hushughulika na haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi yenyewe. Aliyeandika wimbo akiwa chini ya mkataba wa kawaida wa lebo huwa na sehemu ya ile ya kwanza tu. Aliyelipia rekodi kwa rehani ya nyumba anakaa mezani kwa zote mbili.

Mwaka huohuo wa 2009 alitoa "Ellipse", aliyoirekodi kwenye nyumba aliyokulia, jengo lenye umbo la yai, baada ya kugeuza sehemu yake kuwa studio. Nyumba yenyewe iliingia kwenye albamu: milio ya vitu vya ndani ilinaswa na kugeuzwa kuwa midundo. Tuzo ya Grammy iliyokuja mapema 2010 ilikuwa ya ufundi wa kurekodi, kipengele ambamo majina ya wanawake hayaonekani mara kwa mara.

Tatizo likahamia jukwaani. Mtu anayetengeneza kila kitu mwenyewe hujikuta amezungukwa na meza za mitambo, kichwa kimeinama juu ya vitufe, na hadhira haijui kama anaimba au anasoma barua pepe. Kuanzia 2010 hivi, Heap na wahandisi, miongoni mwao watafiti wa Chuo Kikuu cha West of England mjini Bristol, walitengeneza glavu zilizopewa jina Mi.Mu. Vidoleni kuna vihisio vinavyojua kidole kimekunjwa kiasi gani. Kwenye kifundo cha mkono kuna kihisio cha mwelekeo na mwendo. Taarifa zinakwenda kwenye kompyuta bila waya. Msanii hufunga ngumi kurekodi kipande cha sauti, hufungua kiganja kukiachia kijirudie, huinua mkono mwangwi uongezeke. Hadhira sasa inaona sababu na matokeo kwa wakati mmoja.

Kampeni ya mwaka 2014 ya kuchangisha fedha ili glavu zitengenezwe kwa wingi haikufikia lengo. Kazi iliendelea hata hivyo, zikaja kuuzwa, na Ariana Grande amepanda nazo jukwaani.

Jaribio lake la kubadili jinsi wasanii wanavyolipwa lilikuwa gumu zaidi. Oktoba 2015 Heap alitoa wimbo "Tiny Human" kupitia mfumo wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum, mnunuzi akilipa na programu ikigawa fedha hapohapo kwa kila aliyeshiriki kwa asilimia iliyokubaliwa. Ilionyesha kwamba mgawo wa papo kwa papo unawezekana. Ilionyesha pia kwamba shabiki anayetakiwa kwanza kununua sarafu ya kidijitali na kufungua pochi yake ataona ni heri asikilize kwingine. Mradi wake wa Mycelia ukageukia hatua ya nyuma zaidi: kuhakikisha taarifa za nani alifanya nini kwenye rekodi zimekaa mahali pamoja na kwa usahihi, kwa sababu programu haiwezi kumlipa mpiga fidla ambaye jina lake halipo.

Pamoja na hayo yote, hakujitenga na wakubwa. Aliandika na kutayarisha "Clean" na Taylor Swift kwa ajili ya albamu "1989", iliyotwaa Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka 2016, na mwaka huo akatengeneza muziki wa tamthilia ya jukwaani ya "Harry Potter and the Cursed Child" jijini London, sehemu kubwa ikitokana na kazi zake za zamani alizozifumua na kuzifuma upya. Hazina hiyo ya zamani alikuwa huru kuichezea kwa kiasi alichokimiliki. Hamonaiza leo ni programu ya kawaida kwenye kompyuta ya studio yoyote, na leseni badala ya kuuza rekodi ni jambo msanii anaweza kulidai kwenye mkataba. Rehani ndiyo isiyoigika kirahisi: inamtaka msanii awe na nyumba kabla hajawa na albamu.