Chema Hakijiuzi Daima

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli mwingi katika soko la samaki na la nguo, ambako mnunuzi huishika bidhaa kwa mkono wake, akaigeuza, akaijua hali yake kabla ya kutoa fedha. Lakini ziko bidhaa ambazo mtu hulipa kwanza na kuzijua baadaye. Picha ya sinema ni mojawapo. Mtazamaji hununua tiketi mlangoni, huketi gizani, na ubora wa kitu alichokinunua haumfunukii mpaka taa ziwashwe tena. Pengine haumfunukii siku hiyo, wala mwaka huo. Kwa sababu hiyo nataka tuipime methali hii kwa mizani ya sinema, na tuulize kama picha iliyokataliwa sokoni ni lazima iwe picha mbaya.

Kwanza yafaa tujue maana ya kuanguka. Watengenezaji husema kuwa picha imeanguka wakati fedha zilizoingia mlangoni zimeshindwa kurudisha gharama. Hii ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, si hukumu ya sanaa. Picha iitwayo Cleopatra iliongoza kwa mapato katika Marekani mwaka 1963, walakini ilihesabiwa kuwa hasara kwa muda, kwa kuwa ilikuwa imegharimu mamilioni mengi mno ya dola. Kinyume chake, picha ndogo iliyotazamwa na watu wachache yaweza kuleta faida. Basi mtu asemaye kwamba picha fulani ilianguka ametupa habari za daftari la mhasibu. Habari za picha yenyewe bado hajatupa.

Tuanze na Ufaransa. Mwezi wa Julai 1939, mwongozaji Jean Renoir alionyesha mjini Paris picha yake La Règle du jeu, yaani Kanuni ya Mchezo. Hadithi yake ni ya matajiri waliokusanyika katika jumba kubwa la shambani kwa ajili ya mawindo na karamu. Bwana mwenye jumba ana mpenzi wa siri. Rubani mashuhuri anampenda mke wa bwana huyo. Na watumishi jikoni wana fitina zao zilizo sawa na za mabwana zao. Kwa juu juu ni mchezo wa kuchekesha. Lakini katikati ya picha yako mawindo ya sungura na ndege, ambamo wanyama huanguka mmoja baada ya mwingine, na sungura mmoja hufa polepole mbele ya macho yetu. Mwisho wa hadithi rubani naye hupigwa risasi kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine, akaanguka kama sungura yule. Ndipo mwenye jumba anapotoka kwa adabu kuwaambia wageni wake kuwa imetokea ajali ya kusikitisha, na wageni wakarudi ndani kulala.

Watazamaji wa Paris walizomea. Renoir mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mtu mmoja alijaribu kuwasha gazeti ili auchome ukumbi. Picha ilikatwa-katwa ili kuwaridhisha watu, wasiridhike. Na mwezi wa Oktoba, vita vikiwa vimekwisha kuanza, serikali iliipiga marufuku kwa kuwa inavunja moyo wa wananchi. Tutasemaje juu ya watazamaji hao? Hawakuwa wajinga. Waliielewa picha, na pengine waliielewa mno. Walikuja kucheka, wakaonyeshwa tabaka la watu wanaocheza ngoma huku nyumba ikikaribia kuungua, nao walijua kuwa nyumba hiyo ni yao. Kioo hakipendwi na mwenye jipu usoni.

Mkasa wa picha hiyo haukuishia hapo. Utepe wake wa asili, ule ambao nakala hutolewa kwao, uliteketea kwa mabomu wakati wa vita. Kwa miaka mingi waliotaka kuiona walipata vipande tu. Ndipo wapenzi wawili wa sinema, Jean Gaborit na Jacques Maréchal, walipotafuta mabaki, wakayaunga kwa ridhaa ya Renoir, na mwaka 1959 picha ikaonyeshwa tena ikiwa karibu nzima. Jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound huwauliza wahakiki wa nchi nyingi, kila baada ya miaka kumi, wazitaje picha bora kuliko zote. Katika mwaka 1972, 1982 na 1992, picha hii iliyozomewa ilishika nafasi ya pili duniani.

Sababu ya pili ya kuanguka si ya uchungu kama hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1946, Frank Capra wa Marekani alitoa It's a Wonderful Life, yaani Maisha ni Mazuri. George Bailey ni kijana anayetamani kusafiri ulimwenguni, lakini kila anapofunga mizigo yake jambo fulani humzuia. Hubaki katika mji wake mdogo akisimamia chama cha akiba na mikopo kinachowawezesha watu wa kipato kidogo kujenga nyumba. Wasomaji wa Kenya, ambao wazazi wao wengi ni wanachama wa vyama vya namna hiyo, wataelewa upesi kwa nini tajiri wa mji, Bwana Potter, anakichukia chama hicho. Dola 8,000 za chama zinapopotea, George hutaka kujitupa mtoni. Malaika humzuia, akamwonyesha jinsi mji ule ungalivyokuwa kama yeye hakuzaliwa.

Picha hii haikuzomewa. Iliteuliwa hata kugombea tuzo ya picha bora ya mwaka. Ila gharama zake zilikuwa kubwa, na kampuni iliyoisambaza ilipata hasara ya dola zaidi ya laki tano. Wako wanaosema kwamba Wamarekani waliotoka vitani hawakutaka mambo mazito. Hoja hiyo haisimami, maana picha iliyoipita katika tuzo hiyo, The Best Years of Our Lives, ilihusu askari watatu waliorudi makwao na majeraha yao, na watu walijazana kuitazama. Mimi naona kwamba picha ya Capra ilishindwa na jirani yake. Wakati watu walipotaka kusikia habari za waliokwenda vitani, yeye aliwaletea habari za kijana aliyebaki nyumbani kwa sababu ya sikio bovu.

Ilifufuka kwa bahati. Mwaka 1974 wenye hakimiliki walikosa kuihuisha, na vituo vya televisheni vikaona kuwa vyaweza kuionyesha bila malipo makubwa. Wakaionyesha kila Krismasi, mwaka baada ya mwaka, mpaka watoto wa Marekani wakakua nayo. Tena msidhani kuwa ni picha ya utamu mtupu. Tazameni vizuri: Bwana Potter anaziiba fedha zile, na hadithi inakwisha bila yeye kukamatwa. George haokolewi na sheria, wala ndoto zake za safari hazitimii kamwe. Anaokolewa na majirani wanaomwaga visenti vyao mezani. Furaha ya mwisho ina deni ndani yake, na ndiyo sababu haichujuki kwa kurudiwa.

Mfano wa tatu ndio unaonisikitisha kuliko yote. Charles Laughton alikuwa mwigizaji hodari wa Uingereza. Mwaka 1955 aliongoza huko Marekani The Night of the Hunter, yaani Usiku wa Mwindaji. Mhubiri wa uongo, aliyechora neno la upendo kwenye vidole vya mkono mmoja na la chuki kwenye vidole vya mkono wa pili, anamwoa mjane na kumwua, kisha anawawinda watoto wake wawili wanaojua mahali fedha zilizoibwa zilipofichwa. Watoto wanakimbia kwa mashua usiku. Mto unang'aa, na kandokando yake twaona chura, sungura na utando wa buibui, vikubwa mbele ya macho yetu, kana kwamba viumbe vyote vinawalinda wapitao.

Watu wa 1955 hawakujua waiweke wapi. Ilitisha kuliko hadithi ya watoto, na ilikuwa na ndoto nyingi kuliko hadithi ya polisi. Walakini mtu aliyelelewa kwa ngano za mazimwi ataitambua mara moja. Hii ni ngano: zimwi lenye sauti tamu, watoto waliopotea, na bibi mzee mwenye moyo mkuu anayewafungulia mlango. Bibi huyo huketi usiku na bunduki magotini, zimwi likiimba wimbo wa dini nje ya ua. Naye, bila kuiweka bunduki chini, anaitikia wimbo uleule kwa imani ya kweli. Sijui mahali pengine ambapo sinema imeonyesha kwa ufupi namna hiyo kwamba maneno mamoja yaweza kukaa katika kinywa cha mwongo na katika kinywa cha mwaminifu.

Soko liliikataa. Laughton hakuongoza picha nyingine tena hadi alipokufa mwaka 1962. Mwaka 1992 picha yake iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya picha zinazostahili kuhifadhiwa, wakati mwenyewe alikuwa amekaa kaburini miaka 30. Hapo ndipo lilipo jambo zito. Hukumu ya haraka hainyimi watu picha moja tu. Humnyamazisha fundi, na zile picha ambazo angalizitengeneza hakuna wa kuziunganisha vipande.

Lakini nisije nikawapeleka vijana katika kosa la upande wa pili. Wako wahakiki ambao wakisikia kwamba picha ilianguka, hudhani papo hapo kuwa ni johari iliyofichika. Kukataliwa hakumfanyi mtu kuwa nabii. Mwaka 1980 Michael Cimino alitoa Heaven's Gate, yaani Lango la Mbinguni, juu ya wahamiaji maskini na matajiri wa ng'ombe katika jimbo la Wyoming. Iligharimu kiasi cha dola milioni 44, ikaondolewa baada ya juma moja, ikafupishwa, ikaanguka tena. Na kampuni iliyoigharimia iliuzwa mwaka uliofuata. Mwaka 2012 ilionyeshwa Venice ikiwa imerudishiwa urefu wake, na wengi wakaisifu. Nakubali kuwa ngoma ya wahamiaji waliovaa viatu vya magurudumu ni nzuri ajabu. Lakini picha huchukua saa tatu na dakika zaidi ya thelathini, na muda huo wote wahusika wake wanabaki mbali nasi. Vumbi na mwanga vinajulikana vizuri kuliko mioyo yao. Watazamaji wa kwanza walikuwa wakali kupita kiasi, ila malalamiko yao yalikuwa na msingi. Kizuri hakikosi ila, na mhakiki mwaminifu huitaja ila hiyo hata baada ya kuutetea uzuri.

Basi mnapokutana na picha, au kitabu, au mchezo wa jukwaani uliosemwa kuwa umeshindwa, jiulizeni maswali matatu. Je, watu waliukataa kwa kuwa uliwaambia ukweli wasioutaka? Je, ulifika wakati macho yao yalikuwa mahali pengine, au ukiwa na umbo wasilolizoea? Au je, uliwachosha kwa haki? Maswali hayo hayajibiwi kwa kutazama hesabu za mlangoni. Hujibiwa kwa kuketi na kuitazama kazi yenyewe mpaka mwisho, na baadaye kutaja kwa maneno yaliyo wazi ni kitu gani kilichowapendeza au kuwachukiza.

Methali ya wahenga inabaki na heshima yake, lakini yahitaji nyongeza ndogo. Kanuni ya Mchezo haikujiuza. Iliokotwa vipande vipande na watu wawili waliokataa kuamini kuwa kelele za usiku mmoja ni hukumu ya mwisho. Kila kizazi kina kazi zake zinazongojea watu wa namna hiyo, nanyi mwaweza kuwa miongoni mwao.