Sikio Ndiyo Mizani: Namna ya Kuitambua Safari Njema ya Baiskeli Tarime na Serengeti

Waendesha baiskeli wa Ulaya husifu mabonde ya mito yenye mashamba ya mizabibu. Barabara za huko ni nyembamba, magari ni machache, na kando ya mto hakuna mlima wa kukata pumzi. Zabibu za Tanzania ziko Dodoma, mbali na hapa. Lakini kati ya vilima vya Tarime vyenye kahawa na migomba, na uwanda wa Serengeti unaopakana na hifadhi, mengine yote yapo: mto, bonde, mashamba ya wakulima wadogo, na barabara za moramu ambazo malori hayana shughuli nazo.

Kinachokosekana ni watu wa kuzipima. Wengi husifu baiskeli kwa rangi, njia kwa lami, na mwendeshaji kwa kasi. Mwongozo huu unatumia kipimo kingine, nacho ni sikio. Baiskeli iliyotengenezwa vizuri haina kelele, njia nzuri inakuacha usikie, na mwendeshaji hodari hupanda kilima huku akiitikia salamu.

Baiskeli

Usianze kwa kuipanda. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, utege sikio. Mnyororo uliotiwa mafuta vizuri hausikiki. Mkavu hulia, uliolegea hugonga kifuniko chake. Mkwaruzo unaotoka katikati ya gurudumu ni dalili ya gololi zilizoisha grisi au ekseli iliyokazwa mno. Sasa ipande. Ukisikia mlio mmoja wa kugonga kila pedali inapokamilisha mzunguko, kagua pini ya krenki. Kelele hiyo haivumiliki, maana krenki ikiachwa icheze hula pini, kisha hula tundu lake, na hapo pini mpya haitasaidia.

Baadaye pima mnyororo kwa rula. Viungo 24 vya mnyororo mpya vina inchi 12 kamili kutoka pini hadi pini. Vikizidi hapo kwa robo ya nusu inchi, yaani inchi 12 na 1/8, mnyororo umechoka, na ukiendelea kuutumia utayala meno ya friwili.

Spoku nazo zina sauti. Baiskeli za muundo wa zamani wa Kiingereza, ambao viwanda vya India viliurithi, zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Ziguse kwa kucha moja baada ya nyingine, kama mpiga litungu wa Kikurya anayetafuta sauti ya nyuzi zake. Upande mmoja wa gurudumu ukitoa sauti zinazokaribiana, gurudumu limenyooshwa na mtu anayeijua kazi. Spoku moja ikitoa sauti butu, imelegea, na jirani zake zinabeba mzigo usio wao.

Breki zinahitaji ukali zaidi. Mji wa Tarime uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria, unakoishia Mto Mara, liko mita 1,134. Kwa hiyo kutoka mjini kwenda mtoni kuna kushuka kwingi, na breki za vyuma zinazobana rimu hupoteza nguvu rimu ikilowa. Shika breki zote mbili na uisukume baiskeli mbele. Isitembee. Kisha mwagia rimu maji urudie jaribio. Hapo ndipo raba mbovu hujulikana.

Mwisho tazama keria. Mzigo uliofungwa kwa mipira ya tyubu, ukavutwa sawa pande zote, hauchezi wala haugongi. Na fundi unayeweza kumwamini huuliza unakwenda wapi na utabeba nini kabla ya kutaja bei.

Njia

Barabara za Tanzania zina wenyewe wawili. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, inasimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, inasimamia za vijijini na mijini. Anayetafuta utulivu atazikuta raha zake nyingi kwa TARURA. Barabara kuu inayotoka upande wa Musoma, ikavuka Daraja la Kirumi na kupita Tarime hadi mpakani Sirari, ina lami safi na malori ya kwenda Kenya. Ni barabara ya kusafirishia mizigo. Kwa baiskeli ya starehe, ivuke tu uendelee na njia yako.

Barabara ya Tarime kwenda Mugumu, upande wa Serengeti, kupitia Nyamwaga na Nyamongo, isiyofika kilometa 90, ina sifa mchanganyiko. Inakushusha kutoka nyanda za juu hadi kwenye Mto Mara, unaoanzia milima ya Mau nchini Kenya na kusafiri kilometa zipatazo 395 hadi ziwani, ukitenganisha Tarime na Serengeti njiani. Mandhari hayo yanastahili alama za juu. Lakini Nyamongo ndiko uliko mgodi wa dhahabu wa North Mara, na mgodi huja na magari na vumbi. Ipitie kwa ajili ya mto. Na ukifika mtoni, utazame ukiwa darajani: mamba na viboko ni wakazi wa maji hayo.

Kwa utulivu, tafuta vijia vya miteremko ya Tarime vinavyopita kati ya migomba na kahawa, au barabara za Ngoreme, upande wa kusini wa mto. Njia nzuri ya moramu ina mgongo katikati na mifereji isiyoziba pembeni, hivyo maji hayakai juu yake. Usoni haina mawimbi. Mawimbi yale yanayotikisa mifupa huchimbwa na magurudumu ya magari ya kasi, kwa hiyo barabara isiyo nayo inakwambia kwamba magari ni machache, hata kabla hujasikia lolote. Katika mabonde jihadhari na udongo mweusi. Ukikauka hupasuka, ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome.

Kisha simama dakika tano bila kuzungumza. Ukisikia kengele za ng'ombe, majembe na watoto wakiitana, ipe njia hiyo alama zote. Pikipiki moja moja ni jambo la kawaida. Lori likipita, tafuta njia nyingine.

Majira na saa

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya uhakika kwa moramu. Masika hugeuza mabonde kuwa tope, na vuli hufanya hivyo kwa vipindi. Hata hivyo mjuzi huvizia siku chache baada ya mvua ya kwanza kufuatia ukame, kwa maana hapo mibuni huchanua kwa pamoja na harufu yake, inayokaribiana na ya asmini, hukufikia kabla hujaliona shamba.

Tarime, ondoka alfajiri. Upande wa Serengeti kanuni hiyo inageuka. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda, tembo hutoka usiku kuingia mashambani, na alfajiri na magharibi ndizo saa za kukutana nao. Anza saa mbili asubuhi, uwe umefika kabla ya saa kumi na moja jioni, na waulize wenyeji wamewaona wapi. Baiskeli igeuke kabla ya geti la Ikoma. Ng'ambo yake simba hawana desturi ya kupisha.

Mwendeshaji

Mtazame kilimani. Hodari hukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, magoti yakienda juu na chini bila kutanuka, mabega yametulia. Hupunguza mwendo kabla ya kona, hakamati breki akiwa ndani yake. Akikutana na kundi la ng'ombe husimama kando hadi lipite, wala hapigi kengele, kwa sababu ng'ombe aliyeshtuka hana upande maalumu wa kukimbilia. Akimpita mzee husema "Shikamoo" kwa sauti kamili. Ikitoka vipandevipande, anakwenda kasi kuliko mapafu yake, na hawezi kuisikia njia.

Ukitaka kujumlisha, ipe njia nusu ya alama, baiskeli robo, na mwendeshaji robo iliyobaki. Miguu huzoea, spoku hukazwa, lakini hakuna fundi wa kunyamazisha lori. Kwa jaribio la kwanza, ondoka Mugumu kuelekea Ngoreme asubuhi ya Jumapili wakati wa kiangazi, na spika ya muziki iache nyumbani.