Msumeno Kwenye Mtutu wa Zamani

Choki ya kurekebisha kwenye shotigani kuukuu ya mtutu mmoja huanza na msumeno, na hapo ndipo kosa lilipo. Ili Poly-Choke, aina moja ya choki hiyo, ifungwe, fundi hukata sentimita kadhaa za mdomo wa mtutu, kisha huchomelea kifaa chenye vidole vya chuma vinavyobanwa na pete ya kuzungusha. Kinachoanguka sakafuni ni choki ya kiwandani. Mtutu wa geji 12 una kipenyo cha takriban milimita 18.5, na choki kamili huubana kwa milimita 1 hivi tu mwishoni. Milimita hiyo ndiyo ufundi wote wa mtengenezaji, na ikishakatwa hairudi. Mtengenezaji bunduki W. W. Greener wa Birmingham aliithibitisha kwenye majaribio ya London ya 1875. Bunduki za GP za kampuni yake, zenye mtambo wa Martini, zilitoka kiwandani zikiwa zimekwisha kubanwa. Kumkata Greener ni kumharibia kazi.

Tena kifaa hicho huongeza uzito mdomoni na hunyanyua shabaha ya mbele. Shabaha ikipanda bila kusawazishwa, marisawa hupiga chini ya lengo. Mtutu wa Damascus ndio usiguswe kabisa: moto wa kuchomelea hudhoofisha viungo vyake.

Manyamanyama, kati ya Ziwa Victoria na Serengeti, haja yenyewe ya choki ya kurekebisha ni finyu. Kanga shambani hupigwa karibu. Tembo akiingia kwenye mahindi, hakuna choki inayosaidia, kwani marisawa humjeruhi tu na kumkasirisha. Anayestahili kuitwa ni askari wa wanyamapori. Kwelea kwelea kwenye mtama hudhibitiwa kwa ndege za kunyunyizia dawa.

Kupima kwa karatasi kabla ya kuamua ni kazi nzuri. Hufyatuliwa kutoka mita 36.5 hivi, huchorwa duara la sentimita 76, hutafutwa asilimia ya marisawa yaliyoingia: 70 hivi ni choki kamili, 40 ni mtutu usiobanwa.

Mtawanyiko ukiwa finyu mno, fundi mwenye leseni hupanua choki kwa ndani kidogo kidogo, akipima kila hatua. Urefu hubaki, shabaha haihami. Bunduki ya mitutu miwili haina mjadala: pete ya kuzungusha haipati nafasi pale mitutu ilipobanana.