Kinachochelewesha Sukari ni Utelezi, Si Pumba

Jina "makapimlo", yaani nyuzinyuzi za chakula, limetupotosha kidogo. Ukilisikia, mawazo yanakimbilia mashineni, kwenye zile pumba zinazobaki mahindi yakishakobolewa, ambazo wafugaji wa kuku huzipigania. Ndiyo maana ushauri kwa mgonjwa wa kisukari, awe wa Handeni au wa Korogwe, mara nyingi huishia hapa: acha sembe, kula dona. Si ushauri mbaya. Lakini ukiufuatilia hadi tumboni utakuta kazi ya kuchelewesha sukari inafanywa zaidi na kitu kingine, na kitu hicho kimo kwenye bakuli la mlenda.

Hoja yenyewe ilianzia kwa jirani zetu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kisukari ni nadra kwa wenyeji waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1975 aliandika kwamba wanga ulioondolewa makapimlo ndio unaochochea ugonjwa huo. Lilikuwa dai zito, na lilihitaji kupimwa.

Miaka mitatu baadaye, David Jenkins na wenzake kule Uingereza waliwanywesha watu wenye afya gramu 50 za glukosi, siku moja ikiwa tupu, siku nyingine imechanganywa na aina fulani ya makapimlo: pumba za ngano, pektini inayotoka kwenye matunda, au unga wa mbegu za guar, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana India. Kisha wakafuatilia sukari kwenye damu. Ujanja wa jaribio ulikuwa kutumia glukosi. Glukosi haihitaji kumeng'enywa, kwa hiyo chochote kilichoichelewesha kilifanya hivyo kwa kuizuia njiani tu.

Pumba za ngano zilisaidia kidogo tu. Guar, ambayo ikilowa huwa nzito kama ute, ndiyo iliyoshusha kilele cha sukari kuliko zote. Watafiti wakaenda hatua moja mbele, na hii ndiyo ninayoipenda: waliivunjavunja guar hiyohiyo mpaka ikapoteza uzito wake wa kunata, wakawapa watu tena. Faida ikatoweka. Mnato ndio uliokuwa ukifanya kazi.

Namna unavyofanya kazi si fumbo. Chakula chenye ute hutoka tumboni polepole. Kikifika kwenye utumbo mwembamba, vimeng'enya vinapita kwa shida kuufikia wanga, na sukari iliyokwisha kupatikana nayo inachelewa kuufikia ukuta wa utumbo ili iingie kwenye damu. Ni kama chumvi: itupe kwenye maji, inasambaa mara moja, itupe kwenye uji mzito bila kukoroga, inabaki palepale. Kongosho linaletewa mzigo wake kidogo kidogo badala ya kumwagiwa wote kwa mkupuo.

Sasa turudi kwenye dona. Pumba ya mahindi ni ngumu, haiyeyuki wala haitoi ute, na mashine huisaga pamoja na wanga hadi vyote vikawa unga. Punje ikishavunjwa, wanga umebaki wazi. Dona linakupa kiini chenye mafuta na vitamini, linalainisha choo, na kwa hayo nalitetea. Kwa kuzuia sukari peke yake, nalipa alama za wastani. Makande yanalishinda kirahisi. Hata mahindi yake yakitwangwa kinuni kuondoa ganda, punje hubaki nzima au vipande vikubwa, na vimeng'enya lazima vitafute pa kuingilia. Maharage yaliyomo nayo yana ute wake, na wanga wake umefungiwa ndani ya kuta za chembe.

Na mlenda? Haukuwamo kwenye jaribio la 1978. Nauingiza kwa sababu ute wake, kama wa bamia, ni makapimlo ya kundi lilelile linaloyeyuka na kunata. Mtazame Mzigua akila: tonge linachovya, linainuka, uzi wa mlenda unalifuata hewani mpaka kidole kiukate kwa ustadi. Ulaji huo una mantiki, maana majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba ute husaidia zaidi ukichanganyika na chakula chenyewe kuliko ukiliwa kando. Punguza tu magadi ya kuupikia kama una shinikizo la damu, kwani yana sodiamu. Na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ya mlenda.

Limebaki chungwa. Kwenye barabara kuu ya Mkata, Kabuku hadi Segera, muuzaji analimenya kwa kisu, anakata kofia, nawe unalifyonza na kutupa makapi dirishani. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol waliwapa watu tufaha zima, tufaha lililopondwa na juisi yake, sukari ikiwa sawa kote. Juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko tufaha kulika, insulini ikapanda zaidi, na baadaye sukari ya damu ikaporomoka. Pektini ya chungwa imo kwenye ile nyama nyeupe na ngozi za vipande unavyovitupa. Siku nyingine mwambie muuzaji akukatie vipande, uvitafune.