Kosa Lina Kwao

"Haven't you eaten?" mwalimu alimwuliza kijana aliyekaa karibu na dirisha.

"Yes," kijana akajibu, na alikuwa hajala.

Mwalimu hakumwambia amekosea. Alilirudia swali kwa Kiswahili: "Hujala?" Kijana akasema, "Ndiyo, mwalimu, sijala." Hapo akaligeukia darasa zima. Ndiyo yetu, akawaambia, inamjibu mtu: umesema sijala, nami nakubaliana nawe. Yes ya Kiingereza inalijibu tumbo. Likiwa na kitu ni yes, likiwa tupu ni no, hata swali liulizwe vipi. Watoto wakaanza kuulizana wao kwa wao, huendi sokoni, hukumwona kaka yako, na kwa dakika kumi chumba kikajaa yes na no. Yule kijana alipewa andazi, maana jibu lake lilikuwa limeeleweka tangu mwanzo.

Nimekaa kwenye benchi la nyuma la chumba hicho alasiri nyingi za Oktoba na Novemba. Kiko upande wa Tengeru, chini ya Mlima Meru, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mahudhurio hupungua kwa sababu mikono inahitajika kubeba ndizi. Ni twisheni ya watoto waliomaliza darasa la saba. Mtihani wameufanya Septemba. Januari wataingia kidato cha kwanza, na karibu kila somo walilolisoma kwa Kiswahili kwa miaka saba litageuka Kiingereza. Mtoto aliyeuelewa usanisinuru hadi akaweza kumweleza mdogo wake, atakutana na jambo lile lile likiwa na jina asiloweza kulitamka. Mtaala mpya wa 2023 umerudisha Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Hawa walikianza darasa la tatu, na wengi wao nyumbani wanasema Kimeru, au Kimaasai cha Waarusha, kabla hata ya Kiswahili.

Ninachokistaajabia kwa mwalimu huyu kimo ndani ya kaunta buku moja kubwa. Ukurasa wa kulia anaandika kosa kama mtoto alivyolisema. Ukurasa wa kushoto anaandika sentensi ya Kiswahili iliyolizaa. Aliyesema "I hear hunger" amesikia njaa, kama sisi sote tunavyoisikia. Aliyesema "borrow me a pen" ameazima kalamu, na azima yetu humbeba anayetoa na anayepokea kwa pamoja. Aliyemwita mama yake "he" ametoka katika lugha ambayo yeye ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Ameyakusanya kwa miaka, kama mganga akusanyavyo mizizi, na kila mara anapofungua kitabu hicho mbele ya watoto husema, "Kosa lina kwao. Twende tukawaone wazazi wake."

Mimi nilisoma kwingine. Katika shule niliyosoma, aliyekutwa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka atakapomkuta mwenzake na kosa hilo hilo. Nilijifunza kunyamaza vizuri sana. Nilifika kidato cha nne nikiwa naweza kuandika insha ya kurasa mbili, na siwezi kumwomba mtu maji kwa Kiingereza bila kutetemeka. Ndiyo maana nilikaa kwenye lile benchi muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Hata matamshi anayaanzia nyumbani. Watoto wengi wa huku husema selasini na zahabu. Basi kabla ya kugusa neno "think" anawarudisha kwenye thelathini, ulimi ukichungulia katikati ya meno, na kabla ya "that" anawapitisha kwenye dhahabu. Wanatoka na Kiingereza kilichonyooka na Kiswahili kilichonyooka zaidi. Kisha huja maneno yanayoishia kwenye konsonanti, ambayo ulimi wetu huyatilia irabu: ndivyo tulivyopata shati na benki. "Funga mlango wa neno," huwaambia, naye hufunga kiganja hewani. Wanafunga pamoja naye.

Akishauliza swali, hasaidii. Anaziokota chaki, anazipanga mezani kwa urefu, anapuliza vumbi. Siku moja nilihesabu sekunde 19 za ukimya kabla binti mmoja hajasema sentensi ya maneno sita. Sijui fundi mwingine anayeweza kukaa kimya hivyo bila kuhisi anapoteza muda.

Kwa mazoezi ya kuhutubia huwapa habari ya Kirilo Japhet. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwenye ardhi yao ili walowezi wapewe, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Japhet alikwenda New York, pamoja na wakili Earle Seaton, akaieleza kesi hiyo Umoja wa Mataifa. Mwalimu anawauliza watoto: ungekuwa wewe, ungeanzia wapi? Kila mmoja anapewa dakika moja: kilichotokea, aliyetendewa, tunachoomba. Wengine wana babu waliohamishwa siku zile. Hao hawatafuti la kusema. Wanatafuta maneno tu, na nimewaona wakiyapata.

Katika kuandika, wiki moja ina kosa moja. Wiki ya "he" na "she", kalamu ya mwalimu haigusi kingine chochote, hata tahajia iwe imeharibika vipi. Mara ya kwanza niliona kama uzembe. Baadaye niliyashika madaftari ya wiki sita na kuyasoma kwa mfululizo, nikaona makosa yakiondoka moja baada ya jingine, na mengi hayakurudi.

Novemba binti wa zile sekunde 19 aliandika juu ya bibi yake akipika loshoro. Katika nakala ya kwanza aliiita "porridge".

"Loshoro ni uji?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Mbona umeandika uji?"

"Sijui Kiingereza chake."

"Hakina. Iache iwe loshoro, halafu mweleze mtu wa London ni kitu gani."

Aliandika upya mara nne. Mahindi yaliingia, maziwa mgando yakaingia, mwiko ukaingia, na bibi akionja kwa kidole huku akimkaripia mjukuu asionje. Siku ya kusoma alisimama mbele, daftari likiwa karibu mno na uso wake. Alisoma vizuri mpaka katikati, akasema "he", akasimama. Mwalimu alikuwa anapanga chaki. Binti aliirudia sentensi tangu mwanzo, akasema "she", akaendelea.