Mama wa Aran na Uwanja wa Bujora

Katika uwanja wa Bujora, karibu na Kisesa, kila mwaka ifikapo Juni Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, makundi mawili yakicheza wakati mmoja. Watazamaji ndio mahakimu: kundi lililowavuta wengi ndilo lililoshinda. Mkulima aliyeshika jembe jana, leo ni manju.

Tuliukumbuka uwanja huo tulipoisoma upya *Riders to the Sea*, tamthilia fupi ya J. M. Synge wa Ayalandi. Walioiigiza kwa mara ya kwanza, mjini Dublin tarehe 25 Februari, 1904, nao walikuwa waigizaji wa ridhaa, watu wa maofisini na madukani waliofanya mazoezi baada ya kazi.

Kisa ni cha nyumba moja katika visiwa vya Aran. Bahari imekwisha kuwala mume wa Maurya, baba mkwe wake na wanawe wanne. Wa tano, Michael, hajulikani alipo. Dada zake wanaletewa soksi ya maiti, wanahesabu vitanzi vya uzi, wanamtambua, na kumficha mama yao. Bartley, mwana wa mwisho, anaondoka kupeleka farasi mnadani. Mama, kwa uchungu, anashindwa kumpa baraka. Haupiti muda analetwa maiti. Mbao za jeneza zipo, zilinunuliwa kwa ajili ya Michael. Misumari imesahauliwa. Hapo ndipo ulipo ustadi wa Synge: msiba mzima ameupima kwa misumari.

Msomaji wa Mwanza hahitaji ufafanuzi; makaburi ya Igoma ya waliokufa katika MV Bukoba, tarehe 21 Mei, 1996, yanatosha. Lakini hapo hapo tunatofautiana na mwandishi. Maurya anatulia kwa kuwa hana tena wa kunyang'anywa, na bahari ya Synge haina mkosaji. MV Bukoba ilijaza watu kupita kiasi, na hawakupakiwa na mawimbi. Mwaka 1937 Bertolt Brecht alikihamishia kisa hiki katika vita vya Hispania, na mama wake mwishoni anazitoa bunduki alizozificha.

Hata hivyo hatumshauri mwalimu abadili mwisho. Brecht alipata hoja, akapoteza ukimya. Tena kundi la shule likiigiza Bujora litashawishika kulia mapema, kwa hofu kwamba watazamaji watahamia penye kelele. Wasilie. Mabinti wahesabu vitanzi polepole, masikio yao yakiwa mlangoni, na kilio cha wanawake wanaoingia mwishoni kiwe ndiyo ngoma ya kwanza kusikika.