Kashazuiwa Huyo

Mdogo wangu anaishi Toronto, mimi niko Dar, na siku hizi salamu zetu ni kupigana. Jumamosi usiku kwangu, mchana kwake, tunacheza Magic: The Gathering kwenye kompyuta huku tukiongea kwa simu. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kadi ambao Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, aliutoa Marekani mwaka 1993. Kila mchezaji ni mchawi mwenye uhai 20. Anaita viumbe, viumbe wanashambulia, na wa upande wa pili wanazuia.

Wiki chache zilizopita alikuwa amebakiwa na uhai 4. Nikamtuma mnyama wangu mkubwa, mwenye 6 za kupiga na 6 za kuvumilia. Akamwekea goblin mdogo wa 1 kwa 1. Halafu, kabla pigo halijatua, akatoa kadi iitwayo Village Rites: unatoa kafara kiumbe wako mmoja, unachukua kadi mbili. Akamtoa kafara goblin huyohuyo aliyekuwa anazuia. Njia nyeupe! Mbele ya mnyama wangu hakuna mtu, kuna uhai 4 tu. Nikasubiri ushindi wangu. Hola. Uhai ukabaki 4.

"Sasa nani kamzuia?" nikamuuliza.

"Kashazuiwa huyo, kaka."

Nilikasirika, nikaenda kusoma kanuni nikitafuta pa kumshikia. Sikupata. Kiumbe akizuiwa, amezuiwa mpaka pambano liishe, hata kama mzuiaji amekufa au ametoweka. Tangu siku hiyo sentensi ya mdogo wangu imenikaa kichwani kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu naona imefanya kazi ambayo Kiingereza cha kadi hakiifanyi. Neno lao la "kuzuiwa" halikwambii kama tendo linaendelea au limekwisha na kuacha hali. Kiswahili hakikuachii nafasi hiyo: lazima uchague kati ya anazuiwa, alizuiwa, amezuiwa. Mimi nilisoma "anazuiwa", yaani kwa muda ambao mtu amesimama pale. Kanuni inasema "ameshazuiwa". Mlango umefungwa, aliyeufunga anaweza kuwa ameshafika sokoni, mlango bado umefungwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma kadi hizi upya. Watu wakitaka kuonyesha kwamba zina fasihi, hukimbilia ile mistari ya mlazo iliyo chini ya kadi, maneno ya wafalme na manabii wa dunia za kubuni. Kwa maoni yangu mingi ya mistari hiyo ni mapambo. Hadithi iko juu yake, kwenye maneno makavu ya uwezo wa kivita, na hasa maneno mawili yanapokutana.

Chukua uwezo ambao nitauita pigo la kwanza. Mwenye nao hupiga kabla ya wenzake, na anayekufa kwa pigo hilo hapati nafasi ya kurudisha. Sasa chukua mguso wa mauti: dhara lolote, hata la 1, linaua. Typhoid Rats ni panya wa 1 kwa 1 wenye mguso huo. Jitu la 7 kwa 7 likiwavamia, panya wanakufa na jitu linakufa. Ni kisasi cha wanyonge, kizuri, lakini kina gharama. Unganisha maneno mawili kwenye mwili mmoja na gharama inafutika: jitu limeshakufa kabla halijainua mkono. Hakuna kati ya maneno hayo mawili linalosema hivyo peke yake.

Na waandishi wa mchezo wanalijua hilo. Mwaka 2003 walitoa kadi ya Glissa Sunseeker, shujaa wa kike wa dunia ya Mirrodin, 3 kwa 2, mwenye pigo la kwanza. Mwaka 2011 akarudi kwa jina la Glissa, the Traitor, ameharibiwa. Pigo la kwanza analo bado. Kwenye maneno ya kivita limeongezwa moja tu, mguso wa mauti, ambalo mwaka 2003 halikuwepo kwenye msamiati wa mchezo; liliingia mwaka 2007. Wepesi wake ni uleule, ila sasa kila anachokigusa kinakufa. Nimesoma riwaya nene zilizotumia kurasa mia mbili kunieleza msaliti amebaki na nini na amepoteza nini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tangu mwanzo, 1993. Kuna White Knight na Black Knight, askari wapanda farasi, kila mmoja 2 kwa 2, kila mmoja na pigo la kwanza. Mweupe ana kinga dhidi ya weusi, mweusi ana kinga dhidi ya weupe. Ukiwatazama kwenye picha unasema hawa wamezaliwa wapigane. Sasa soma kinga inasema nini: mwenye kinga hawezi kuzuiwa na kiumbe wa rangi hiyo. Kwa hiyo mweupe akishambulia, mweusi hawezi kumzuia. Mweusi akishambulia, mweupe hawezi kumzuia. Maadui wa kiapo wanapishana njiani kila siku, kila mmoja anakwenda kuchoma nyumba ya mwenzake, na hawagusani kamwe. Mimi ni mwandishi wa habari, nimeripoti kampeni za uchaguzi. Sina la kuongeza.

Kuna jambo wachezaji wa zamani wananuna nalo mpaka leo. Kuanzia 1999, pigo likishapangwa lilikuwa linaning'inia hewani kidogo kabla ya kutua, na katika muda huo mpigaji angeweza kuondoka, pigo likatua bila yeye. Mogg Fanatic, goblin wa 1 kwa 1, ukimtoa kafara anarusha dhara la 1. Basi alikuwa anazuia, pigo lake linaning'inia, anatolewa kafara, anarusha 1 nyingine, na adui wa 2 kwa 2 anakufa kwa mtu ambaye hayupo. Julai 2009 wakalifuta. Ujanja ulipungua, nakubali, lakini naona walifanya sawa. Kuzuiwa ni hali, inabaki. Kupiga ni tendo, linahitaji mtu. Mwaka huohuo waligusa pia kiungo cha uhai, kile cha kiumbe anayempa bwana wake uhai kwa kadiri anavyopiga. Zamani ilikuwa anapiga, halafu anaponya, na mabwana wengi walikufa wakingoja hiyo "halafu". Sasa anapiga huku akiponya.

Badiliko la Novemba 2024 ndilo lililoniudhi. Kabla yake, mshambuliaji aliyezuiwa na viumbe wawili alilazimika kutangaza mapema ataanza na nani. Mhanga alijulikana, na mwenye mhanga alipata nafasi ya kuhangaika kumwokoa. Sasa madhara yanagawanywa mwishoni, anavyotaka mpigaji. Kanuni imekuwa nyepesi kueleza, lakini ule wasiwasi wa kumjua atakayekufa, bado yuko hai, umekwenda.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na Colossal Dreadmaw, dubwana la 6 kwa 6 lenye kukanyaga, yaani ziada ya pigo inampita mzuiaji na kumfikia mchezaji. Na kama mzuiaji hayupo tena, zinapita zote. Mdogo wangu alikuwa na uhai 6. Akaweka goblin, kama kawaida yake. Akimwacha afe kwa kukanyagwa, zinapita 5. Akimtoa kafara, zinapita 6. Nikamsikia ananyamaza kwenye simu.

"Huyu anakanyaga?"

"Anakanyaga."

Akamwacha goblin pale alipo.